Kawia Ufike: Hukumu ya Santuri Zilizochelewa Kutoka

Wahenga wameacha methali mbili juu ya kuchelewa, na methali hizo hazipatani. Ya kwanza ni "Kawia ufike", nayo humtuliza mwenye pupa. Ya pili ni "Chelewa, chelewa, utamkuta mwana si wako", nayo humwonya mwenye ajizi. Kazi ya sanaa iliyotengenezwa mwaka huu na kutolewa baada ya miaka ishirini au arobaini husimama baina ya methali hizi. Yamkini imekawia ikafika. Na yamkini imefika, lakini mwana si wa mzazi tena. Mhakiki hana ruhusa ya kuchagua methali moja na kuitupa nyingine. Hapana budi amtazame kila mwana kwa sura yake, kisha aamue kama bado amefanana na aliyemzaa.

Muziki wa roki umejaa wana wa namna hii. Kwa zaidi ya nusu karne wapenzi wake wamesimuliana habari za santuri zilizoimbwa zikafungiwa kabatini, na kadiri masimulizi yalivyozidi ndivyo santuri zilivyozidi ukubwa vinywani mwa watu. Jambo hili si la ajabu, kwa maana wimbo usiosikika hauna kosa. Sauti yake haikwaruzi, ala zake hazipotei njia, na maneno yake hayachoshi. Siku unapotoka ndipo unapopatikana na udhaifu wa nyimbo nyingine. Kwa hiyo kazi iliyochelewa huja mbele ya msikilizaji na mashahidi wawili, yaani muziki wenyewe na hadithi ya kufichwa kwake. Na aghalabu shahidi wa pili ndiye mwenye sauti kubwa zaidi.

Mtu aliyeko Tibirinzi, katika mji wa Chake Chake, anaweza kuuliza mambo haya yanawahusu nini watu wa Pemba. Majibu ni matatu. Kwanza, mwimbaji wa roki anayejulikana pengine kuliko wote duniani, Freddie Mercury, alizaliwa kwa jina la Farrokh Bulsara katika Mji Mkongwe wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na santuri iliyobeba sauti yake ya mwisho ilitolewa baada ya kufa kwake. Pili, hazina ya muziki wa Kiswahili iliyorekodiwa bila kufanywa santuri ni kubwa, na sehemu yake kubwa imo katika kanda za redio ya taifa. Tatu, Pemba yenyewe ina washairi ambao tungo zao zilikawia sana kuingia kitabuni, na mfano wao unatoa kipimo kinachoweza kuwafaa hata wahakiki wa muziki wa ng'ambo.

Yafaa kuanza na huo mfano wa nyumbani. Kamange na Sarahani walitunga na kujibizana katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu cha habari na tungo zao, Kale ya Washairi wa Pemba, kilichoandikwa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, kilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2011. Kwa hesabu ya mpiga chapa, tungo hizo zilichelewa karne nzima. Kwa hesabu ya Wapemba hazikuchelewa hata siku moja, maana shairi la majibizano hutoka siku ile linapotamkwa. Lisipotoka, hapana wa kulijibu. Hali ni hiyo hiyo kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye diwani yake ilitolewa na Hichens mwaka 1940, yapata miaka mia moja baada ya mshairi kufariki. Vifua vya watu vilikuwa vimekwisha kufanya kazi ya uchapishaji, na chapa ilikuja kushuhudia tu.

Hapa inapatikana tofauti ya kwanza, nayo ni kubwa. Kuchelewa kwa chapa si sawa na kuchelewa kwa sauti. Kuna kazi ambayo watu waliisikia, wakaipenda, wakaikariri, lakini hawakuweza kuinunua wala kuiweka nyumbani. Kuna nyingine ambayo hapana aliyeisikia ila waliokuwamo studioni. Wahakiki wengi huzitia kazi hizi mbili katika kapu moja, wakaziita zote "zilizopotea". Ya kwanza haikupotea. Iliyokosekana ni sahani yake tu.

Muziki wa dansi wa Tanzania ni wa aina ya kwanza. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyoshika jina hilo mwaka 1965, ilikuwa kwa miaka mingi studio kuu ya nchi. NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz na bendi nyingine ziliitwa, zikapiga mbele ya vinasa sauti, fundi akazitia katika kanda, na kanda zikapigwa hewani zikasikika mpaka visiwani. Baada ya hapo kanda zilirudi rafuni. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, na santuri za wanamuziki wake zilifyatuliwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hata mwaka 1983, njia hiyo nayo ilisonga. Mambo yalikuwa mepesi zaidi nusu karne kabla yake, kwani mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari na wenzake mpaka Bombay, akaimba kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikarudi kuuzwa katika pwani yote. Basi mtu asidhani kwamba kukawia huzidi kadiri mtu anavyorudi nyuma katika zamani. Kukawia hufuata viwanda, mipaka na fedha, si kalenda.

Kutokana na hali hiyo, wimbo ndio uliokuwa kipimo cha mwanamuziki wa Tanzania, wala si albamu. Alitunga wimbo kwa ajili ya ukumbi na redio. Hakukaa akapanga nyimbo kumi zifuatane kama sura za kitabu. Leo makampuni ya Ulaya yanapokusanya kanda za zamani na kuzitoa katika sahani, kama ulivyofanya mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa tangu mwaka 2005, msikilizaji ana wajibu wa shukrani, kwa maana pasipo kazi hiyo nyimbo nyingi zisingesikika tena. Walakini mhakiki ana wajibu wa pili, nao ni kukumbuka kwamba mpangilio wa nyimbo zile ni wa mkusanyaji. Ikiwa mkusanyaji anapenda magitaa kuliko maneno, santuri nzima itaonekana kupenda magitaa kuliko maneno, na msomaji wa mbali atahukumu kuwa hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi ya Waswahili. Hapo mwana ameanza kufanana na mlezi.

Kuna bendi moja ya Dar es Salaam ambayo iliingia katika roki kwa miguu yote miwili, nayo ni Sunburst, iliyoinuka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwimbaji wake akiwa James Mpungo. Albamu yao ya pekee, Ave Africa, ilitoka Zambia mwaka 1976, na baada yake bendi haikudumu. Mwaka 2016, miaka arobaini baadaye, kampuni ya Strut ilitoa mkusanyiko wa kazi zao za mwaka 1973 mpaka 1976. Anayesikiliza mkusanyiko huo kwa utulivu hutambua mambo mawili. La kwanza ni kwamba vijana hawa hawakuwa wakiiga tu. Gitaa la umeme lenye kukwaruza na kinanda vimepewa mwendo wa ngoma za nyumbani, na katika wimbo kama "Enzi za Utumwani" historia ya mwambao imesemwa kwa ala ambazo historia hiyo haikuzijua. La pili ni kwamba nyimbo za Kiswahili zimesimama imara kuliko za Kiingereza, ambamo maneno ya udugu wa binadamu yamekuwa mapana mno hata hayamshiki mtu yeyote. Sifa zote mbili, yaani uzuri na upungufu, zilikuwamo tangu mwaka 1976. Miaka arobaini haikuongeza wala haikupunguza kitu. Ilichofanya ni kuwanyima vijana wa Tanzania waliokuja nyuma yao mfano wa kuigwa au wa kupingwa, na hiyo ndiyo hasara halisi ya kukawia, wala si hasara ya uzuri. Kama vile shairi lisilosikika halijibiwi, santuri isiyofika haizai santuri nyingine.

Aina ya pili ni kazi iliyozuiliwa na mtunzi mwenyewe. Mfano wake mashuhuri ni Smile ya The Beach Boys wa Marekani, iliyorekodiwa miaka ya 1966 na 1967 chini ya uongozi wa Brian Wilson, kisha ikaachwa kabla ya kukamilika. Wilson aliirudia upya na wanamuziki wengine mwaka 2004, na kanda za zamani zikatolewa mwaka 2011. Wasikilizaji wamebishana ni ipi iliyo Smile ya kweli. Ubishi huo hauna mwisho kwa sababu umejengwa juu ya swali lisilo sahihi. Ile ya 2004 ina mpangilio ambao ile ya zamani haikuupata. Ile ya zamani ina sauti za ujana ambazo mzee hakuweza kuzirudisha. Smile ya mwaka 1967 haikuwako. Kilichokuwako ni vipande na nia. Hata hivyo Wilson alikuwa hai, aliridhia, na kazi ya 2004 aliifanya kwa mkono wake. Kwa hiyo mwana alichelewa, lakini alikuwa wake.

Prince naye aliizuia The Black Album mwezi Desemba 1987, siku chache tu kabla ya kuuzwa, wakati nakala zilikuwa zimekwisha kufyatuliwa. Ikatolewa rasmi mwaka 1994. Msikilizaji wa leo akiisikiliza bila hadithi yake ataona ni kazi ya mtu hodari aliyekuwa akicheza na hasira, yenye nyimbo mbili tatu za nguvu na nyingine za kujaza nafasi. Hukumu ya mtunzi juu ya kazi yake haikuwa ya kipumbavu. Prince alipofariki Aprili 2016 hakuacha wosia, na tangu hapo kanda alizozirundika zimekuwa zikitolewa kwa uamuzi wa wengine, mathalani Welcome 2 America, iliyorekodiwa 2010 na kutolewa 2021. Hapa swali linageuka. Mtu aliyejua kusema hapana akiwa hai, je, kimya chake baada ya kufa kihesabiwe kuwa ndiyo?

Aina ya tatu, ambayo ni nzito kuliko zote, ni kazi iliyokatizwa na mauti, na hapa ndipo Made in Heaven ya kundi la Queen inapostahili kuchunguzwa. Freddie Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akirekodi Montreux, Uswisi, na wenzake wamesimulia kwamba aliwahimiza wampe maneno ya kuimba ili wao wamalizie baadaye. Santuri ilitoka Novemba 1995. Ruhusa, basi, ilikuwapo. Lakini ruhusa ya kumalizia si kazi iliyomalizika, na santuri hii imejengwa kwa mawe ya machimbo mbalimbali. Wimbo wenye jina la santuri pamoja na "I Was Born to Love You" vilikuwa vimekwisha kutolewa katika santuri ya Mercury peke yake ya mwaka 1985. Sauti ikachukuliwa, ala zikabadilishwa. "Too Much Love Will Kill You" ulikuwa umebaki kabatini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. "Heaven for Everyone" ulikuwa umetangulia kutolewa mwaka 1988 na The Cross, bendi ya Roger Taylor. Nyimbo zilizotokana na siku za mwisho za Montreux ni chache.

Wakulima wa Pemba watalifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba. Ikiachwa mtini mpaka ichanue, thamani yake hushuka. Lakini iliyochumwa kwa wakati na kuanikwa ikakauka vizuri huweza kukaa gunia miezi mingi, na siku ya kuuzwa bado ni karafuu. Kuchelewa kuuza si sawa na kuchelewa kuchuma. Kazi za Sunburst zilichumwa zikaanikwa, gunia ndilo lililochelewa sokoni. Katika Made in Heaven baadhi ya matumba yalichumwa kabla ya mchumaji kuanguka, na mengine yaliokotwa chini ya mti na watu waliompenda. Kuyachanganya katika gunia moja ni jambo la huruma, lakini mnunuzi ana haki ya kujua.

Wimbo unaolieleza gunia hilo kwa uaminifu mkubwa zaidi ni "Mother Love". Mercury aliuimba mwaka 1991, na beti la mwisho hakulifikia. Brian May akaliimba badala yake. Angalikuwapo mtu wa kuficha mambo, angaliweza kuukatiza wimbo mapema, au kurudia beti la awali ili pengo lisionekane. Hawakufanya hivyo. Msikilizaji husikia sauti moja ikiondoka na nyingine ikiingia, na tofauti baina yake haifunikwi na kitu chochote. Sauti ya May ni nyembamba kuliko ya mwenziwe, na wembamba huo ndio ukweli wa wimbo. Mauti yamepewa nafasi yao katika utungo, kama mstari ulioachwa wazi katika mswada. Kwa sababu hiyo "Mother Love" ndio wimbo mkubwa wa santuri hii, na ni miongoni mwa nyimbo chache za roki ambamo kutokamilika kumekuwa sehemu ya maana.

Kinyume chake ni "I Was Born to Love You". Sauti ya mwaka 1985 iliyokuwa ikicheza juu ya ala nyepesi za dansi imewekewa magitaa mazito na ngoma kubwa, na mshono umefichwa kwa ustadi mwingi. Matokeo yake yanapendeza masikioni, na huenda wengi wakauona wimbo huu bora kuliko ule wa kwanza. Lakini kwa kadiri unavyopendeza ndivyo unavyodanganya, kwa kuwa unamwonyesha msikilizaji mkutano ambao haukutokea siku hiyo wala kwa nia hiyo. Hili si kosa la jinai. Wahariri wa tenzi wamefanya zaidi ya hayo, wakipatanisha nakala tatu na kutoa utenzi mmoja usiofanana na nakala yoyote. Mhariri mwema, hata hivyo, hueleza alichokifanya. Wimbo hauna tanbihi. Kwa hiyo mshono wake lazima usikike.

Kutoka katika mifano hii hupatikana maswali matatu ambayo mhakiki aiulize kila kazi iliyochelewa kabla ya kuisifu au kuikataa. La kwanza: je, ilikamilika mkononi mwa mtunzi? Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vya Shaaban Robert vilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki, na wanafunzi huvisoma kama vitabu vyake vingine, maana sauti iliyomo ni yake mwanzo hata mwisho. La pili: je, mtunzi aliridhia, au angeridhia kwa kadiri ya matendo yake alipokuwa hai? Barua za Shaaban Robert, zilizotolewa mwaka 2002, ziliandikwa kwa ndugu yake mmoja. Sasa zinasomwa na kila mtu, na anayezisoma anapaswa kukumbuka kwamba ameingia chumba ambacho hakualikwa na mwenye nyumba. La tatu: je, mkono wa mmaliziaji umeonyeshwa au umefichwa? Kazi inayojibu vizuri maswali yote matatu imekawia ikafika. Inayoshindwa yote matatu, hata ikiwa tamu, ni mwana wa mlezi aliyepewa jina la marehemu.

Swali la nne halimhusu mhakiki peke yake. Kanda ya sauti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu wa hewa, ikalegea, ikanata. Katika hali ya joto na unyevu kama ya mwambao, uharibifu huu huenda kwa kasi. Kanda iliyofikia hali hiyo huhitaji kukaushwa kwa moto mdogo kabla ya kuthubutu kuizungusha na kuinakili. Katika mwaka 2012 hivi mradi wa Tanzania Heritage Project ulijitokeza kwa nia ya kuzihifadhi kanda za redio ya taifa katika mfumo wa kidijitali, na mjadala uliofuata ulionyesha kwamba ugumu hauko katika mashine peke yake. Ni nani mwenye haki ya wimbo uliopigwa na bendi iliyokwisha vunjika, ukarekodiwa na serikali, ukapendwa na taifa zima? Mpiga gitaa, warithi wake, redio, au msikilizaji? Neno "kuhifadhi" na neno "kutoa" yanatumiwa kana kwamba ni moja, nayo ni mawili. Kuhifadhi hakungoji idhini ya mtu, kwani kitu kikioza hapana wa kuidhinisha tena. Kutoa kunangoja idhini, na malipo, na majina ya wapigaji kuandikwa kwa usahihi.

Kwa hiyo kazi ya wanafunzi wa lugha na muziki haikomei katika kusikiliza santuri zilizofufuliwa Ulaya na kuzipa nyota. Wazee waliokuwa wakizisikiliza nyimbo hizi kwenye redio, Tibirinzi na kwingineko, wanakumbuka beti ambazo huenda kanda zake zimekwisha nata, na wanamjua aliyeimba na aliyejibu. Kumbukumbu hiyo nayo ni kanda, na haiwezi kukaushwa kwa moto mdogo. Iandikwe sasa, pamoja na jina la mwimbaji, mwaka na mahali, na pale mwenye kuandika anapojaza neno lililosahauliwa, aweke alama ili mshono uonekane.